Fedha za marehemu baba zipo Kenya, kaka wanataka nisaini bila kuwataja wadogo zetu wa Mombasa

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Tabata, nina mume na watoto wawili. Jambo hili siwezi kulipeleka kwenye kikao cha familia kwa sababu wanakikao wenyewe ndio wahusika, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Baba yetu alifanya kazi Mombasa miaka mingi, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Sisi na mama tulibaki Dar, yeye akija kila baada ya miezi miwili mitatu. Alifariki hapa hapa Dar mwaka 2014. Kwa mama tuko watatu: kaka zangu wawili na mimi. Msibani ndipo alipotokea mwanamke kutoka Kisauni, kule kule Mombasa, na mabinti wawili, mmoja wa miaka tisa, mwingine sita. Mama aliwapokea, wakakaa mpaka hitima, wakaondoka. Tangu siku ile mama hajamtaja tena, nasi hatujathubutu kuuliza. Ila yule binti mkubwa, ambaye sasa yuko chuo, alinitafuta Facebook na sikukuu huwa tunapeana salamu.

Mwaka 2015 kaka mkubwa alifungua mirathi mahakama ya mwanzo kwa ajili ya kiwanja cha Kibaha. Muhtasari wa kikao uliwataja mama na sisi watatu, basi. Kiwanja kikauzwa milioni sita, fedha ikamalizia nyumba ya mama, mirathi ikafungwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu kaka alipigiwa simu na dalali wa Nairobi. Akamwambia jina la baba limo kwenye orodha ya fedha zilizochukuliwa na serikali ya Kenya kwa sababu akaunti ililala. Tukapekua makaratasi ya baba na kweli tukakuta taarifa ya benki ya Desemba 2013, salio shilingi za Kenya laki nne na kidogo. Kwa hesabu ya kaka ni kama milioni nane za kwetu. Dalali anataka asilimia 30, pamoja na shilingi za Kenya 15,000 za kufungulia faili. Anataka pia sote tusaini hati ya kumpa mamlaka, na kiapo kwamba warithi ni sisi wanne tu. Kaka zangu wote wawili wameshasaini. Mama atawekwa dole gumba na ataambiwa ni karatasi za mafao ya baba. Wanasema tukizubaa serikali inazitia mfukoni moja kwa moja.

Mimi sijasaini. Mama ana presha na sukari. Mume wangu anasema niwaachie wenyewe. Nikikataa, kaka zangu wananiona nawazibia riziki. Nikisaini, nitakuwa nimewafuta wale watoto mara ya pili. Na nikiwaambia wale watoto, si watauliza na Kibaha? Nifanyeje, Anti?

Msomaji wa Tabata

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako tangu mwezi wa tatu.

Kama nimekusoma vizuri, umeletewa mambo mawili yakiwa yamefungwa pamoja. La kwanza ni fedha iliyolala Kenya na namna ya kuidai. La pili ni orodha ya warithi ya mwaka 2015, ambayo haikukamilika. Dalali anayasukuma yote mawili kwa neno moja tu: haraka. Kwa hiyo tuanze na hiyo haraka.

Kenya ina Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011, na mamlaka inayoisimamia inajulikana kwa kifupi UFAA. Akaunti ya benki ikikaa miaka mitano bila mwenyewe kuigusa wala kuwasiliana na benki, inahesabiwa kuwa haidaiwi. Kwa gawio la hisa ni miaka mitatu, na kwa fedha zilizoko kwenye simu ni miwili. Benki hufunga hesabu za mwaka unaoishia Juni 30 na kukabidhi fedha hizo ifikapo Novemba 1. Baba yako alifariki 2014, kwa hiyo fedha yake, kama ilikuwepo, ilikuwa tayari kuondoka benki tangu mwaka 2019. Hofu mnayotiwa leo ni ya jambo lililokwisha kutokea zamani. Lililo muhimu kwenu ni kwamba fedha hizo huwekwa kwenye mfuko wa amana, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai wakati wowote. Haki hiyo haina tarehe ya mwisho.

Watu wengi wakisikia serikali imechukua fedha za akaunti, wanadhani zimetaifishwa. Serikali huzitumia au huziwekeza wakati zinamsubiri mwenyewe, na ubishi kama hilo ni haki upo kila mahali. Uingereza wanangoja miaka 15 kisha fedha huenda kwenye miradi ya jamii, India miaka 10, Australia miaka 7, lakini huko kote mwenye mali akijitokeza hulipwa. Hata hapa kwetu fedha zilizotelekezwa benki kwa miaka mingi huishia Benki Kuu. (Mama kama ana kaakaunti kake mahali, mpelekeni aweke hata elfu kumi na ahakiki taarifa zake. Itawaokoa usumbufu kama huu siku za mbele.)

Sisemi kuchelewa hakuna hasara. Karatasi hufifia, matawi ya benki hufungwa au huunganishwa, mashahidi hufa, na usitegemee riba kwa miaka yote hiyo. Lakini hizo ni hasara za miaka, na hakuna hata moja inayokulazimu kusaini wiki hii.

Sasa hiyo laki nne. Taarifa mliyoikuta ni ya Desemba 2013 na baba akafariki 2014. Katikati hapo aliumwa? Alitumia kadi? Alimpa mtu amtolee fedha za matibabu? Benki nazo hukata ada kwenye akaunti hata kama haina mwendo. Jina kuonekana kwenye orodha si salio, na pengine si hata baba yako, maana majina yetu ya pwani yanafanana mno. Anayeweza kulithibitisha ni namba ya kitambulisho aliyofungulia akaunti, yaani pasipoti yake au kadi ya mgeni aliyopewa Kenya. Orodha yenyewe haina siri. Mtu yeyote anaweza kutafuta jina kwenye tovuti ya UFAA, au kwa kupiga *361# akiwa na laini ya Kenya. Kutafuta ni bure na kudai ni bure. Hiyo 15,000 ya faili siyo ada ya mamlaka, ni ya dalali mwenyewe. Alichokiona yeye hata wewe unaweza kukiona ukiwa Tabata, kabla chai haijapoa.

Tuchukue tu kwamba laki nne ipo kamili, tupige hesabu. Nachukulia baba alikuwa Mwislamu, wazazi wake walishatangulia, na ndoa ya Kisauni ilikuwa hai siku anafariki. Wajane huchangia thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, kwa hiyo kila mmoja ana moja ya kumi na sita. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Kwa watoto mlivyo, wavulana wawili na wasichana watatu, ni mafungu saba, na kila fungu linaangukia thumni ya mali yote. Katika 400,000, kila mjane anapata 25,000, kila kaka yako 100,000, wewe 50,000, na kila binti wa Kisauni 50,000.

Sasa fuata njia ya dalali. Anakata asilimia 30, inabaki 280,000. Kisauni hawapo. Mama anachukua thumni yake, 35,000. Mnaobaki mnagawana mafungu matano: kila kaka 98,000, wewe 49,000. Tazama tarakimu hizo tena. Kuwaficha wadogo zako na kumlipa dalali kunakupa pungufu ya kile ambacho ungepata kwa kuwataja na kudai wenyewe, na kaka zako vivyo hivyo. Anayeongezeka ni mama, kwa 10,000, na dalali, kwa 120,000. Bado sijaigusa ile 15,000 ya faili.

Sitaki nikudanganye upande wa pili. Kudai wenyewe kuna gharama: nauli, nakala za mahakama, pengine wakili Mombasa. Hizo zitapunguza mafungu ya wote. Ila nimekuwekea hesabu hii kwa sababu barua yako inaonekana kuamini kwamba ukweli utawanyima kaka zako riziki. Kabla ya kugombana nao kuhusu dhamira, kaa nao na karatasi na kalamu. Wanaume wawili wazima huenda hawajalipiga hesabu hili.

Kisha usome hiyo hati ya kumpa mamlaka neno kwa neno, usiishie kwenye sehemu ya sahihi. Tafuta mstari unaosema fedha zilipwe kwenye akaunti ya nani. Kama ni yake, basi hata hiyo asilimia 70 mtaisubiri kwa hisani yake. Tafuta kama kuna namna ya kuifuta. Na ile karatasi ya kiapo ni uzito mwingine kabisa. Kuapa kwamba marehemu ana warithi wanne wakati mnajua zaidi ni kiapo cha uongo, na hilo ni kosa la jinai Kenya na hata hapa. Atakayeulizwa ni aliyeweka sahihi au dole gumba. Dalali hajaapa chochote. Mama, ambaye mnasema mnamlinda, ndiye mnayetaka kumwapisha gizani.

Nikuulize kuhusu mama. Una hakika gani kwamba hawezi kulisikia? Kutokana na ulivyoandika, alimpokea mke mwenzie msibani, akamkalisha mpaka hitima. Huenda siku ile alijua zaidi yenu nyote. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa ni uchungu, kunaweza kuwa ni adabu, kunaweza kuwa ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Presha yake naichukulia kwa uzito, lakini mara nyingi kinachoipandisha ni namna ya kuambiwa. Akiletewa na mama mdogo au rafiki yake wa siku nyingi, asubuhi, ameshakula na kumeza dawa zake, ni tofauti na kulisikia kwa jirani baada ya kesi kufunguliwa. Unamjua wewe, mimi simjui.

Kuna na Kibaha, ambako nadhani ndiko hofu yenyewe iliko. Tuipe ukubwa wake. Katika milioni sita, fungu la kila binti lingekuwa 750,000, na la mama yao 375,000. Jumla 1,875,000 za kwetu. Fungu la Kisauni katika fedha za Kenya, kama zipo zote, ni 125,000 za kule, ambazo kwa kipimo kile kile cha kaka ni kama milioni mbili na nusu. Si fedha za kudharau, na kisheria mtu aliyeachwa kwenye mirathi anaweza kwenda mahakamani kuhoji. Ila ni deni lenye mwisho, linaloweza kuzungumzwa, pengine likapunguzwa humo humo kwenye mgawo wa Kenya kwa makubaliano ya maandishi. Na hujui kama watalidai. Fedha ile ilimjengea mama yako nyumba. Wapo watakaosema basi yameisha, na wapo watakaosema hapana. Huwezi kuwajibia.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi.

Unaweza kuiacha fedha ilale. Haipotei. Mama akiwa hai na dhaifu, kuna familia zingechagua hivyo, na wala si woga. Hatari yake ni kwamba kaka zako hawatangoja. Kwa kuwa mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi, wanaweza kuendelea na karatasi ambazo jina lako limo bila sahihi yako. Ukichagua kungoja, waandikie ujumbe wa maneno mawili matatu kwamba hujasaini na hujamruhusu mtu akusainie, na uutunze.

Unaweza kuanzia hapa Dar. Mirathi ilifungwa, kwa hiyo kwa mali mpya kaka atalazimika kurudi mahakamani. Tangu 2021 mashauri ya mirathi ya jiji hili yanasikilizwa Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, lakini anza kwenye mahakama iliyotoa uteuzi wa msimamizi, uulize jalada lenu liko wapi sasa. Omba nakala zilizothibitishwa za muhtasari wa kikao, za Fomu namba nne iliyomteua kaka, na za hesabu alizowasilisha kabla ya kufunga. Safari hii orodha iwe kamili, la sivyo mtakuwa mnarudia kosa lile lile mbele ya hakimu mwingine. Mkipata uteuzi, hautoshi wenyewe kule. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 77, inaruhusu uteuzi uliotolewa nchi ya Jumuiya ya Madola upigwe muhuri wa Mahakama Kuu ya Kenya, na ukishapigwa unafanya kazi kama wa kwao. Kwa kuwa wenu ni wa mahakama ya mwanzo, muulizeni wakili wa Mombasa kama utapokelewa hivyo ulivyo kabla hamjatumia hata shilingi ya nauli. Ubaya wa njia hii ni muda, na kwamba jina la mama litasomwa mahakamani pamoja na la mke mwenzie. Kwa hiyo mama lazima awe ameambiwa kabla.

Au mnaweza kuanzia Mombasa, na hapa kuna jambo ambalo kaka zako hawajaliona. Wanaowaficha ndio wenye njia nyepesi. Mjane anayeishi Kisauni anaweza kupata barua ya chifu inayotaja warithi wote, pamoja na nyinyi wa Dar, kisha akaenda Mahakama ya Kadhi au Mahakama Kuu pale pale Mombasa. Mahakama Kuu hutangaza ombi kwenye gazeti la serikali kwa siku 30, na uteuzi huthibitishwa baada ya miezi sita, kwa hiyo hesabu karibu mwaka. Hatari ni kwamba usukani unahamia kwao. Mnaweza kuomba wasimamizi wawe wawili, mmoja wa kila upande. Na jiandae kwa jibu moja gumu: huenda walishaidai zamani, wakaapa kwamba warithi ni wao watatu. Mkikuta hivyo, mtajua kwa ndani inavyouma.

Kabla ya njia yoyote kuna mambo hayana ugomvi ndani yake. Tafuta jina mwenyewe kwenye tovuti. Andika barua kwa benki, tawi lile lililo kwenye taarifa ya 2013, ukitaja namba ya akaunti na kuambatisha nakala ya cheti cha kifo, uulize kama akaunti ilikabidhiwa UFAA na lini. Salio hawatakutajia mpaka uwe na uteuzi, usikasirike. Kihakiki cheti cha kifo RITA, kisha linganisha herufi za majina. Benki ikiwa imeandika Mohamed na cheti kikasema Muhamedi, au jina la tatu likawepo huku na kukosekana kule, dai hukwama hapo hapo, na mtahitaji kiapo cha kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Hilo nalo hurudisha mafaili. Upande wa mafungu, msinisikilize mimi. Nendeni kwa sheikh wa BAKWATA wilayani kwenu awaandikie. Kama ndoa ya Kisauni ilivunjika kabla ya kifo, mjane yule hana fungu lakini mabinti wanalo, na hesabu yangu yote inabadilika. Kwa hiyo cheti cha ndoa ni swali halali, liulizwe kwa upole.

Nimekusikia ukisema mumeo anakushauri uwaachie. Ana hekima yake, maana anakuona usivyolala. Muulize tu kama kuwaachia maana yake ni kukaa pembeni au ni kusaini. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza linawezekana bila la pili.

Sitakwambia umpigie binti yule kesho. Unaweza kuanza na kaka mdogo, kama ndiye anayesikiliza zaidi, umwonyeshe ile 98,000 na ile 100,000. Unaweza kuanza na mama. Ukiona ni Kisauni, usianze na fedha wala Kibaha. Muulize kama kwao kuna makaratasi ya baba. Pasipoti yake ya zamani na kadi ya mgeni aliyofungulia akaunti, kama hamkuzikuta Tabata, uwezekano mkubwa ziko huko alikokuwa akilala siku za kazi, na bila namba hizo dai halisogei, liwe lenu, lao au la dalali.